Inawaka, inanguruma sekunde chache, inazima: usikimbilie kununua kabureta

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi nipo Iringa mjini, nakata nyasi kwenye nyumba za wageni na majumba ya watu. Mashine yangu ni ya kusukuma, injini ni Honda GXV160, niliinunua mtumba na imenifanyia kazi vizuri. Kiangazi hiki niliiweka stoo tangu Julai. Sasa mvua zimeanza nimeitoa. Inawaka mvuto wa kwanza au wa pili, lakini ikishanguruma kama sekunde tano inazima. Nikiacha choki imefungwa inakaa, ila sauti inapanda na kushuka, na nikifungua choki tu inakata. Nimebadilisha plagi, nimeongeza mafuta mapya. Fundi wa pikipiki jirani anasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? Wateja wananipigia kila siku.

JIBU: Ndugu yangu, fundi jirani ameonyesha mahali penyewe, ila ametoa hukumu mapema. Kabureta ya injini yako ni kipande cha aluminiamu kilichotobolewa njia nyembamba, na ndani yake mna jeti mbili (vipande vyenye tundu dogo linalopimia mafuta), boya, sindano ya kufunga mafuta bakuli likijaa, na mipira michache. Hakuna kinachozunguka kwa kasi humo, wala kinachosagika upesi. Mashine iliyofanya kazi vizuri hadi Julai haikuchakaa ikiwa imelala stoo. Iliziba. Na kilichoziba kinazibuliwa kwa spana namba 10, bisibisi mbili na mchana mmoja usio na haraka.

Kabla hujafungua chochote, tazama jinsi maelezo yako mwenyewe yalivyokwisha kujibu nusu ya swali.

Umesema inawaka mvuto wa kwanza au wa pili. Basi cheche ipo, kompresheni (mgandamizo wa silinda) ipo, na mafuta kidogo yanafika. Injini isiyo na cheche haingurumi hata sekunde moja, kwa hiyo plagi haikuwa na kosa. Ile ya zamani isafishe uiweke akiba. Umesema pia kwamba inakaa choki ikiwa imefungwa. Katika yote uliyoandika, hilo ndilo lenye uzito kuliko mengine. Choki ni kipande bapa kinachoziba mdomo wa kabureta. Ukiifunga, hewa inapungua, na mnyonyo wa pistoni uliokosa hewa ya kutosha unavuta mafuta kwa nguvu zaidi kupitia jeti. Injini ya petroli hupenda hewa kama gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya mafuta. Ikiwa yako haiwezi kuishi mpaka hewa ibanwe, basi moja kati ya mambo mawili linatokea: mafuta yanayopita kwenye jeti ni machache mno, au kuna hewa ya wizi inayoingia nyuma ya kabureta, mahali isipotakiwa kuingia.

Kupanda na kushuka kwa sauti ni ushahidi uleule. Mafuta yanapopungua mzunguko unashuka, gavana (kifaa kinacholinda kasi ya injini isibadilike) ikihisi hivyo inafungua kipepeo cha kabureta, yaani bamba linaloachia njia kooni, kutafuta nguvu, injini inanyanyuka ghafla, gavana inarudisha, injini inashuka tena. Gavana inafanya kazi yake sawasawa. Nimeona mashine nyingi ambazo springi ya gavana imevutwa, imekunjwa au imefungwa kwa waya kwa sababu ya sauti hii, na kila mara kazi ya kurudisha springi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kusafisha kabureta. Tafadhali usiiguse.

Kuna atakayekuambia ni mwinuko wa Iringa. Mji wenu upo kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli injini hizi hupoteza nguvu kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Lakini hewa nyepesi hufanya mchanganyiko uwe na mafuta mengi kuliko inavyotakiwa. Injini inayosumbuliwa na mwinuko hutoa moshi mweusi na ukiifungia choki inakabwa kabisa. Yako inaitegemea choki ili iishi. Hoja ya mwinuko haihusiki hapa.

Sasa tuanze kazi. Toa kwanza kifuniko cha plagi, yaani ile kofia ya mpira yenye waya mnene, kisha uisogeze mbali. Fanya hivyo kila unapoinamia mashine hii, hata kama ni kwa dakika moja, kwa sababu kisu kimeungwa moja kwa moja na shafti ya injini. Mkono ukisukuma kisu injini inazunguka, na injini ikizunguka inaweza kuwaka. Fanyia kazi nje, penye hewa, mbali na jiko na sigara. Na mashine ikihitaji kulazwa, upande wa kabureta na chujio la hewa ubaki juu, la sivyo oili na petroli vitaingia kwenye chujio, na hapo utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Jambo la kwanza ni kujua kama mafuta yanafika kwenye kabureta. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la chuma. Katikati yake kuna boliti inayolishika, na kwenye kabureta nyingi za Honda kuna nyingine ndogo pembeni, imekaa mshazari. Hiyo ni ya kumwagia. Weka glasi au kopo la kioo chini yake, fungua koki ya mafuta, kisha legeza boliti ya kumwagia. Petroli inatakiwa itoke mfululizo na iendelee kutoka. Ikitoka kwa nguvu sekunde mbili halafu ikageuka matone, fungua mfuniko wa tanki. Mtiririko ukirudi, kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kimeziba: mafuta yanaposhuka hewa haiingii tankini, na tanki linayashikilia mafuta yake. Usiporudi, kizuizi kipo njiani, ama kwenye chujio dogo la tundu la tanki, ama kwenye koki, ama kwenye mpira wa mafuta uliojikunja au kuvimba ndani, ama kwenye sindano ya boya iliyonata. Wengine hunyonya mpira kwa mdomo ili kujua umeziba wapi. Usifanye hivyo kabisa. Petroli kidogo tu ikiingia kwenye mapafu inaweza kumlaza mtu hospitali.

Yaliyotoka kwenye glasi usiyamwage bado. Yaache yatulie, uyatazame dhidi ya mwanga. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwamo utayaona chini kama vidonge vinavyoteleza bila kuchanganyika. Bakuli la kabureta ndilo bonde la mwisho la mfumo wote wa mafuta, na maji yakishuka humo hayatoki yenyewe. Jeti kuu inanyonya kutoka karibu na sakafu ya bakuli hilo, kwa hiyo tone moja la maji likikaa mdomoni mwa jeti linatosha kuzima injini. Ndiyo maana kuongeza mafuta mapya tankini hakukukusaidia. Mapya yako juu. Ya Julai na uchafu wake yako chini, palepale injini inapokunywa.

Harufu nayo inasema. Petroli safi inachoma pua. Iliyokaa miezi inanuka kama rangi ya mafuta iliyochacha, na rangi yake inaelekea hudhurungi. Honda wenyewe wanashauri petroli isikae zaidi ya siku 30 hivi kwenye mashine isiyotumika, kwa sababu sehemu yake nyepesi hupeperuka na inayobaki hugeuka utandu unaonata. Utandu huo hukaukia kwenye matundu membamba kuliko yote, na mashine yako imekaa tangu Julai.

Nikuulize pia: unanunua wapi mafuta? Mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya bodaboda yameingiza maji na vumbi kwenye mashine nyingi nilizofungua, hasa msimu wa mvua ambapo madumu hukaa wazi. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa nako ni tatizo la muda mrefu nchini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba (kemikali za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010, na kukamata wachakachuaji ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Mafuta ya taa hayawaki vizuri kwenye silinda ya petroli: injini inakuwa nzito kuwasha ikiwa baridi, inagonga ikibebeshwa mzigo, na inaacha masizi. Nunua kituoni, kwenye kidumu kisafi chenye mfuniko, kiasi cha wiki mbili au tatu tu.

Ikiwa mafuta yanafika kwenye bakuli bila shida, sasa fungua kabureta. Hapa ndipo nakuomba uende polepole, kwa sababu wengi husema wameisafisha kumbe wamefuta bakuli na kupuliza nje, halafu mashine ikirudia tabia yake wanaamini kabureta imekufa kweli.

Funga koki. Toa kifuniko cha chujio la hewa na chujio lenyewe, kisha kibebeo chake. Chukua simu upige picha kutoka pande zote kabla hujavuta chochote: fimbo ya gavana imeingia tundu lipi, springi yake nyembamba imeshikwa wapi, gaskiti ipi imetangulia ipi. Kati ya kabureta na kichwa cha silinda kuna kipande cheusi cha plastiki ngumu kinachozuia joto, na gaskiti zipo pande zake zote mbili. Gaskiti hizo zinafanana lakini si sawa, na moja ikigeuzwa inaweza kuziba njia ya hewa au kuacha mwanya. Picha zitakuokoa wakati wa kurudisha.

Kabureta ikishatoka, fungua boliti ya katikati ushushe bakuli. Tazama sakafu yake. Utandu wa hudhurungi ni petroli iliyokauka. Unga mweupe ni kutu ya aluminiamu iliyoliwa na maji. Vyote vinasafishika, ila unga mweupe ukiwa mwingi kiasi cha kuacha mashimo kwenye chuma chenyewe, nitakurudia mbele. Vuta kijiti kinachoshika boya, litoe boya pamoja na sindano yake. Litikise sikioni, ukisikia mafuta ndani limetoboka, litabadilishwa. Ncha ya sindano iwe laini isiyo na alama ya duara iliyozama.

Ndani ya mnara wa katikati utaona jeti kuu, ya shaba, yenye mfuo wa bisibisi bapa. Tumia bisibisi inayojaza mfuo wote, kwa sababu shaba ni laini, na bisibisi nyembamba ikiteleza itakula kingo na jeti haitatoka tena. Ikitoka, inamisha kabureta na nyuma yake itadondoka bomba fupi la shaba lenye vitundu vidogo ubavuni. Isipodondoka, isukume taratibu kwa kijiti cha mbao kutoka upande wa koo la kabureta. Bomba hili ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Kazi yake ni kuchanganya hewa na mafuta kabla hayajaingia kooni, na vitundu vyake vya ubavuni vikiziba, jeti safi peke yake haisaidii kitu.

Inyanyue jeti uiangalie dhidi ya jua. Unatakiwa uone duara kamili la mwanga, dogo chini ya milimita moja, lenye kingo safi. Ukiona nusu mwezi au giza, umempata mhalifu wako. Chukua waya wa umeme wa nyuzi nyingi, uumenye, toa unyuzi mmoja wa shaba na upitishe taratibu huku na huku. Usitumie sindano ya kushonea, wala pini, wala keekee. Jeti imetobolewa kwa kipimo, na ukiipanua hata kidogo mashine itakunywa mafuta kupita kiasi maisha yake yote. Fanya vivyo hivyo kwa kila kitundu cha lile bomba.

Kisha kuna jeti ya pili, ndogo zaidi, ile ya mwendo wa chini. Kwenye Honda nyingi za ukubwa huu imefichwa chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo wa chini. Kabla ya kuitoa skrubu hiyo, izungushe ndani ukihesabu mizunguko hadi igote kwa upole, uandike idadi, ndipo uitoe. Chini yake kuna kipande cheusi cha plastiki chenye oringi. Kivute wima kwa uangalifu. Tundu lake ni jembamba sana, hata unyuzi mmoja wa waya unaweza kugoma kupita. Loweka kwanza. Kwa jinsi sauti yako inavyopanda na kushuka, jeti hii inaweza kuwa imeziba sambamba na ile kubwa, na ukisafisha moja tu mashine itawaka vizuri kwenye kasi ya juu na kuendelea kukusumbua ikiwa haina mzigo.

Kusafishia, dawa ya kupuliza ya kabureta inayouzwa maduka ya vipuri ndiyo bora. Ikikosekana, petroli mpya na mswaki mkuukuu vinafanya kazi, ila vipande vya shaba vipe muda wa kulowa usiku mzima. Tina ya rangi usiitumie kwenye vipande vya mpira na plastiki, inavivimbisha. Ukimaliza, ipeleke kabureta tupu kwa fundi pancha mwenye kompresa, akupulizie kila njia, upande huu na upande ule. Kinga macho yako, maana uchafu utatokea tundu usilolitazama. Ukipuliza kwenye tundu la kuingilia, hewa isikike ikitokea mahali fulani kooni. Njia isiyotoa hewa bado imeziba, hata kama kwa macho inang'aa.

Rudisha kwa mpangilio wa picha zako. Bakuli lirudi na oringi yake ikiwa imekaa ndani ya mfereji wote. Ikibanwa pembeni mafuta yatavuja. Boliti za kabureta zikaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ili gaskiti zilale sawa. Chujio la hewa, kama ni la karatasi, ligongegonge na lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Kama limelowa oili, nunua jingine. Kabla ya kufungua koki, mwaga tanki lote na usuuze kwa petroli mpya kidogo. Ukiiweka kabureta safi chini ya tanki lenye mafuta ya Julai, utakuwa umefanya kazi bure.

Sasa iwashe na choki, iache dakika moja, fungua choki taratibu. Kwa maelezo uliyonipa natarajia itakaa.

Isipokaa, na una hakika jeti zote mbili na lile bomba ni safi, geukia hewa ya wizi. Iwashe na choki ikae. Chukua brashi ndogo yenye oili nzito, upake kuzunguka maungio ya kabureta na kile kipande cha plastiki, kisha maungio yake na kichwa cha silinda, ukiepuka sailensa maana ina moto. Ukipaka mahali na sauti ikatulia ghafla, hapo ndipo hewa ilipokuwa inaingia, na oili imeuziba mwanya kwa muda. Wapo wanaonyunyizia petroli kutafuta mwanya huo. Ni njia ya kuunguza mashine na mikono. Dawa ni gaskiti mpya, na kuangalia kama kipande cha plastiki kimepinda au kimepasuka. Kiweke juu ya kioo cha dirisha, kisicheze. Gaskiti ya karatasi ngumu inaweza kukatwa na fundi hodari, mradi kila kitundu cha ile ya zamani kinakiliwe. Silikoni usipake, vipande vyake humeguka na kuvutwa ndani.

Kwa kuwa hii ni mashine ya kazi, itakuja siku izime kwa namna nyingine, na namna inavyozima ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia. Ikikata vizuri robo saa halafu ikazima, na ukiipumzisha ikawaka tena, legeza kwanza mfuniko wa tanki usikie kama inavuta hewa. Kama si hivyo, palepale ikiwa bado ya moto angalia cheche, ukiwa umefunga koki na kuishikiza plagi kwenye chuma mbali na tundu lake. Koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ikiwa mbovu mara nyingi hufanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata joto. Cheche ikiwa nzuri na injini ya moto ikawa nyepesi kuvuta kamba, seti tapeti, yaani mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi: valvu ya kuingiza milimita 0.15, ya kutolea 0.20. Valvu iliyobana ikipata joto haifungi, na kompresheni inapotea. Mwanya wa plagi uwe kati ya milimita 0.7 na 0.8, plagi mpya hazifiki dukani zikiwa sahihi siku zote, kwa hiyo pima hata hiyo uliyoweka.

Ikizima papo hapo baada ya kisu kugonga jiwe au kisiki, kisha ikawa inarudisha kamba kwa nguvu mkononi, usihangaike na kabureta. Kuna kipande kidogo cha chuma kinacholinganisha flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini) na shafti. Kikikatika hata nusu, cheche inakuja wakati usio wake. Hilo ni la karakana. Hakikisha wanaangalia pia kama shafti imepinda, maana shafti iliyopinda hutikisa mashine mpaka mikono inakufa ganzi, na kisu chake si cha kuaminika. Ikizima tu kwenye nyasi nene na mbichi, kama hizi za sasa, nyanyua kimo cha kukatia, kata mara mbili, noa kisu, kwangua nyasi zilizoganda chini ya mfuniko wa kisu. Hapo ndipo mwinuko wa Iringa unapoingia kweli: injini yako huko ina nguvu pungufu kama asilimia 18 kuliko ingekuwa Tanga, na nyasi zilizolowa hazikuhurumii. Mashine zenye mkono wa usalama unaopaswa kushikwa muda wote huweza pia kuzima kwa sababu kebo imelegea na swichi inakata cheche kila mtikisiko unapotokea. Kaza kebo. Usiufunge mkono huo kwa kamba ili usisumbue, kwa sababu siku utakapoteleza kwenye mteremko uliolowa ndio utakaosimamisha kisu.

Msimu ukiisha na kazi zikapungua, mwaga tanki, iwashe iache ingurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha fungua boliti ya kumwagia umalizie yaliyobaki bakulini. Ungefanya hivyo Julai, leo ungekuwa kazini. Petroli ya zamani weka kwenye kopo la chuma lenye mfuniko kwa kusafishia vyuma. Kwenye mtaro au shambani usimwage.

Sasa turudi kwenye ununuzi. Upo wakati wa kununua kabureta. Unga mweupe umekula aluminiamu mpaka kiti cha sindano kimekuwa na mashimo na mafuta yanafurika hata kwa sindano mpya. Nyuzi za boliti za bakuli zimekwisha. Kipepeo kinacheza kwenye matundu yake na hewa inapita pembeni ya shafti yake. Au umesafisha kila njia, umebadilisha gaskiti, umejaribu brashi ya oili, na bado inaishi kwa choki tu. Hapo nunua, bila majuto.

Nenda dukani na ya zamani mkononi, usitaje jina la injini peke yake. Linganisha namba iliyochongwa ubavuni, umbali wa matundu ya boliti, upande inapoingia mpira wa mafuta, na mahali fimbo ya gavana inaposhika. Kabureta za kuiga zinafanana sana kwa nje na nyingi zinafanya kazi vizuri, lakini jeti zake si lazima ziwe za kipimo kilekile. Mashine inaweza kutoa moshi mweusi au ikabaki na njaa ileile uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo kabla hujaitupa ya zamani, toa jeti yake kuu, isafishe, linganisha namba yake na ile iliyomo kwenye mpya. Zikitofautiana na mashine ikakataa kutulia, jaribu kufunga ile ya zamani kwenye kabureta mpya kama nyuzi zake zinaingia bila kulazimishwa.